Gesi Inayokula Madini

Mzee Thuwein, sonara wa Mkoani, aliitazama simu akamwona bintiye Raniya aliyeko Malaysia, akiomba radhi ya kubaki kwenye kiwanda cha chipu za kompyuta miaka miwili zaidi.

"Hebu rudia, mwanangu. Madini mnayachonga kwa gesi?"

"Ya klorini, baba. Ikitiwa umeme hung'aa, ikala madini, zikabaki njia za umeme nyembamba kuliko unywele."

"Klorini ya visimani?"

"Ni jamaa yake, ila kali. Imo ndani ya mashine."

Thuwein alitazama makovu ya tindikali vidoleni mwake. "Na mwajuaje kama imeshiba?"

"Mwanga wake hubadilika rangi."

Hakuelewa hata nusu. "Nionyeshe mikono."

Raniya akaiinua. Ilikuwa laini, haina kovu.

"Radhi unayo," alisema, uso kaukunja kwa yale asiyoyaelewa.