Mkoba Ubaki Nje

Kwenye kaunta ya nyumba moja ya wageni Naro Moru, shosho mmoja, bibi kizee, alikataa kushusha kiondo mgongoni.

"Wacha kwanza niangalie godoro."

"Shosho, hapa hakuna kunguni," msichana wa funguo akanuna.

"Najua wewe uko msafi. Lakini huyo mtu aliyelala hapo jana, mimi simjui."

Mimi, mgeni niliyengoja nyuma yake, nilicheka, kisha nikamkumbuka mama. Zamani nikitoka shule ya bweni, mama alinisimamisha uani kwetu Othaya. "Simama hapo hapo!" Sanduku lilianikwa juani, nguo zikatiwa maji ya moto, ndipo nikapewa mkono na chai. Nilidhani anapenda nyumba kuliko mimi.

Jumapili, nikitoka safari hiyo, nilisimama uani kwetu na mkoba wangu. Mama hakuwepo tena, na hakuna aliyenizuia kuingia.