Jibu la Marehemu Onchari

Nakumbuka mchana mmoja wa ukungu mjini Kisii, mwanangu, nilipopokea jibu kutoka kwa mtu niliyemwona akizikwa kwa macho yangu.

Nilikuwa fundi kijana wa programu, nikihamisha tovuti ya chama chetu cha kusaidiana mazishi kutoka mfumo mkongwe hadi mpya. Ule wa zamani ulifunga habari za kila mwanachama pamoja, kama furushi, ukazihifadhi hivyo. Ule mpya ukafungua mafurushi yote bila kulalamika, nami nikajisifu. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu. Sehemu iliyosema mtu amefariki ilikuwa na jina ambalo mfumo mpya haukulijua, basi ukairuka, na kila mmoja ukamwandika yu hai. Kisha ukawaalika wote kwa ujumbe wa simu kwenye mkutano wa Jumapili.

Simu ya Mzee Onchari ikajibu: "Nitakuja."

Yule yule niliyemwona akizikwa, nakwambia. Niliusimamisha mfumo, nikaufundisha kusoma lile jina la kale, nikajaribu kwa marehemu mmoja na mzima mmoja hadi kila mtu akarudi mahali pake. Nikataka yaishie hapo. Mwenyekiti wetu, Mama Kwamboka, hakukubali.

"Mashine umeiponya. Na huyo aliyejibu je? Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda nyumbani kwake Gesima mwenyewe."

Nilimkuta mjane wa Mzee Onchari, Magokoro Moraa, yaani Nyanya Moraa kwa Kigusii chetu, ameketi mlangoni, ukungu umeyameza mashamba yote ya chai hadi uani. Koti la mumewe lilikuwa limepigwa pasi. Viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi na kuelekezwa njiani. Simu ya marehemu alikuwa ameishika, imejaa chaji.

"Nilimjibia mimi," akasema kabla sijamsalimu. "Hajawahi kukosa mkutano. Amewaambia atapitia njia gani?"

Nikapiga magoti. "Magokoro, ni kosa la kompyuta yetu. Mzee bado amelala."

 Aliinama, akavigeuza vile viatu vikaelekea ndani. "Basi ingia unywe chai," akasema. Niliinywa nikilia.

Mwanangu, unapohamisha habari za watu, usitosheke kwamba mashine haikulalamika. Fungua uone kilichotoka, ukilinganishe na kilichoingia, na usiruhusu ujumbe hata mmoja uende kabla hujajua unamfikia nani. Na ukimtonesha mtu kidonda, nenda ukaketi naye. Mungu akupe mkono mtulivu na moyo wa kurudi ulikokosea, na wafu wako wote walale salama.