Jina la Kengele

Paskazia alipopunguzwa kazi katika ofisi ya pamba, aliuza ng'ombe alioachiwa na baba yake akaenda Dar kusomea kompyuta. Mwaka 1998 alirudi Mwanza, akaajiriwa na kiwanda kipya cha minofu ya sangara kando ya ziwa.

Meneja wake, Yeremia, alimwagiza aunganishe kompyuta zote za kiwanda. Paskazia akaandika programu ya kengele, ikakaa kwenye kompyuta ya getini. Mtu akifungiwa ndani ya chumba cha barafu, angebonyeza kitufe. Kompyuta ya pale ingeiuliza huduma ya majina, yaani orodha ambamo kila programu ikiwashwa hujiandikisha jina na mahali ilipo, iliyokuwa kwenye kompyuta ya uhasibu, kengele iko wapi. Ingeelekezwa getini, na mlinzi angesikia. Yeremia alifurahi, akaamuru kengele ya zamani ya waya ing'olewe.

Tatizo lilikuwa umeme. Kompyuta ya getini ilikuwa na betri, ya uhasibu haikuwa nayo. Umeme ukikatika, ya uhasibu inazimika, huduma ya majina inasahau majina yote, na kengele, kwa kuwa yenyewe haikuzimika, haijui kama inatakiwa kujiandikisha upya.

"Bosi, naomba nafasi niitengeneze iwe inajiandikisha yenyewe kila mara," Paskazia alisema. "Sasa hivi umeme ukirudi lazima mtu aende getini kuiandikisha."

"Huyo mtu ni wewe. Miguu si unayo?"

Akawa anaenda. Mpaka siku walipokuja wanunuzi kutoka Ulaya, umeme ukakatika, ukarudi. Paskazia alikuwa ameshafika mlangoni Yeremia alipomshika mkono.

"Unakwenda wapi? Wageni hawajapata chai."

"Kengele, bosi. Sichelewi."

"Chai kwanza."

Akachemsha maji. Akamimina, akatabasamu, akapitisha sukari. Wakati huohuo Masalu, mpakiaji wa maboksi, alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha barafu uliojifunga, anabonyeza kitufe. Kompyuta ikauliza, ikajibiwa kwamba hakuna jina hilo. Akabonyeza tena na tena, kisha akaupiga mlango kwa mikono mpaka ngozi ikagandia kwenye chuma.

Walimkuta hai. Hospitalini alikatwa vidole vya mikono yote miwili.

Yeremia aliwakusanya wafanyakazi uani. "Aliyesahau kuandikisha kengele ni huyu hapa." Paskazia akafungua mdomo. Yeremia akamtazama tu, naye akaufunga.

Jioni, Ng'washi, mke wa Masalu, mkata minofu wa kiwanda hichohicho, alimsubiri nje.

"Dada, ulijua haitalia?"

"Nilijua."

"Ukapeleka chai?"

"Niliamriwa."

Ng'washi akacheka kicheko kikavu, akaondoka.

Siku iliyofuata Paskazia alipewa nafasi aliyokuwa akiiomba. Aliimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Masalu akarudishwa kwao Misungwi, mama yake akawa anamlisha uji. Ng'washi alibaki kiwandani na kisu chake, na kila Paskazia alipoketi kula, wenzake walihamisha sahani zao.