Mmarekani aliyeandika kwamba sina mkono

Jamani, leo nimemmwagia Mmarekani kahawa na bado kanishukuru! Nyie mnaosema nina miguu tu, someni mpaka mwisho halafu mniandikie.

Kwenye timu yetu ya chuo, ile ya futiboli ya Kimarekani, mimi ndiye kwotabeki. Kila shambulizi linaanza na mimi.

Kocha wetu anataka nikimbie na mpira. Beki akinifuata mimi, nampasia mwenzangu wa pembeni. Akimfuata mwenzangu, nakata mwenyewe. Kurusha mbele? Thubutu!

Leo kaja Mmarekani anayetafuta wachezaji wa timu ya kulipwa. Tumeshinda, nimekimbia mpaka basi. Nikachungulia daftari lake:

"Miguu ipo. Mkono hamna."

Hamna? Mimi ninayerusha matikiti juu ya lori kule soko la matunda la Clairwood kila likizo?

Papa Didier, anayeyadaka kule juu, alikuwa amekuja kunitazama. "Mutoto, iko anaenda. Umuonyeshe!"

Kweli, jamaa alishavuka uwanja, yuko kwenye gari lake na kikombe mkononi. Mpira aliokuja nao kausahau hapa kwetu.

Nikapiga kelele, "Bosi, mpira wako!" Nikauachia.

Eish! Ulipita juu ya watu wote, ukatua kifuani kwake. Mpira kaudaka. Kahawa ikabaki shatini.

Akarudi uwanja mzima kwa miguu, akanishukuru, akafuta ile "hamna" mbele yangu. Jumatatu naenda majaribio!

Akauliza nani kanifundisha kurusha.

Papa Didier akaniwahi: "Ni mimi. Miaka mbili, hakupasua tikiti hata moja."