Kasian na Makabila ya Chini ya Dunia

Kasian Ndunguru ndiye mtu pekee niliyepata kumjua aliyeshuka shimoni kwa adabu. Sisi wengine tulishuka tukisonya na kulaani joto. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha lifti ya shimo lile pale Al Jaddaf, huku kwa Waarabu, shimo la kupokelea handaki la maji ya mvua, na kila asubuhi nilimwona akiinua helmeti yake kidogo kama anayepiga hodi kwa wenyewe, kisha anaivaa sawasawa kabla msimamizi hajamwona. Nikimtania, alinijibu kwamba chini si kwetu, tunakwenda ugenini.

Tuliishi chumba kimoja mtaa wa International City, yeye Mmatengo wa Mbinga, mimi mtu wa Tanga, na Wanepali wawili waliokuwa na subira kuliko sisi. Kabla ya kuja huku Kasian alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanaiti kule Mererani, yeye na mdogo wake Francis. Mwaka mmoja mvua ilinyesha vibaya, maji yakaingia mgodini, Kasian akatoka na Francis hakutoka. Walivuta maji, walichimba, mwili haukuonekana.

Mama yao, Bi Severina, alitaka amzike mwanawe hivyo hivyo, kwa kuzika nguo zake, kama alivyozikwa mjomba wao aliyepotelea Ziwa Nyasa. Lakini baba alikwishafariki, na Kasian ndiye mtoto wa kwanza. Bila neno lake kaburi halichimbwi. Na Kasian alikataa. Miaka ikapita, matanga hayajakaliwa, misa haijasomwa, mama anazidi kuzeeka. Kila simu yake iliishia kwenye swali lile lile, kwa upole ule ule. Nilikuwa nasikia, maana chumba cha vitanda vinne hakina siri, na nasema wazi kwamba nilikuwa namkasirikia. Mwana gani humfungia mama yake kilio?

Sababu yake ndiyo iliyonifanya nimdhanie ana kichaa. Kasian ni Mmormoni. Alibatizwa Arusha, na aliyempeleka kanisani ni mzee mmoja wa Kimarekani, mnunuzi wa mawe. Kanisa lao lafundisha kwamba yale makabila kumi ya Israeli yaliyochukuliwa mateka zamani yakapotea, siku moja yatarudi kutoka pande za kaskazini, yapige miamba, na barafu iyeyuke mbele yao. Hapo sikuwa na neno. Lakini yule mzee alimwongezea yale yaliyokuwa yakizungumzwa sebuleni kwao tangu enzi za babu wa babu yake. Kwamba dunia ina uwazi ndani. Kwamba mlango uko kwenye ncha ya kaskazini, na ukiingia unakuta jua dogo, mito na mashamba, na makabila yale yanaishi humo, yanalima na kuoa, yanasubiri kuitwa. Wazee wengine walibisha, wakasema yako chini ya barafu, au kwenye kipande cha dunia kilichomeguka kikapaa angani. Kasian alichagua uwazi. Mtu aliyewahi kulala tumboni mwa ardhi akausikia mwamba ukitoa joto, utamshawishije kwamba huko chini hakuna kitu?

Basi Francis, kwa hesabu zake, hakufa. Maji yalimsukuma hadi kwa wale watu, naye atatoka pamoja nao.

Nilimwambia hata sisi Waislamu tuna watu wetu nyuma ya ukuta, Yaajuju na Maajuju, nao huchimba kila siku, ila siku wakitoka hakuna atakayewatilia chai. Alicheka hadi Wanepali wakaamka. Kisha akafuta macho. Akasema wa kwangu wanatoka kuja kuharibu, wa kwake wanatoka kurudi nyumbani.

Hata kanisa lake halikuwa upande wake. Dada Roselyne, Mkenya, muuguzi wa kliniki moja Oud Metha na mwalimu wao wa Jumapili, alikuja siku moja kumjulia hali alipougua. Alimweleza bila kumdharau kwamba kanisa halijafundisha kuwa dunia ina uwazi. Makabila yatarudi, yaliko Mungu ndiye ajuaye. Akamsihi alipeleke jina la Francis hekaluni Nairobi, ambako aliye hai hubatizwa kwa kuzamishwa majini kwa niaba ya aliyekufa, ili marehemu akubali mwenyewe au akatae huko aliko. Kasian alimshukuru sana. Akasema jambo hilo ni la wafu, na mdogo wake hayumo.

Halafu ikaanza sauti.

Mashine ya kuchimba handaki ilikuwa inatujia kutoka mbali chini ya mji, na sisi shimoni ndio wapokeaji. Mwanzo usingeisikia, ungeihisi kwenye nyayo. Wiki ile ya mwisho ukuta mzima ulikuwa unanguruma, mchanga unadondoka wenyewe. Nilijua ni mashine, nilikuwa nimeiona pichani. Hata hivyo nikiweka kiganja ukutani mwili ulinisisimka, maana kitu kikubwa kilikuwa kinakuja kutoka mahali ambapo akili inasema hapana mahali. Kasian alikuwa anakula chakula chake cha mchana ameegemeza sikio pale.

Sasa, Mererani kuna jambo linaitwa mtobozano. Mashimo ya matajiri wawili hukutana chini kwa chini, mkachimba mkajikuta mnatazamana na msiowajua. Wanaapolo wana sheria yao: ukisikia watu ndani ya mwamba, unagonga kwa nyundo, ili wajue kuna binadamu upande wako kabla hawajawasha baruti. Wakijibu, mmeokoana. Kasian aliniambia asiyegonga ama ni adui ama hajui kazi.

Siku ya kutoboa tulipangwa wote nyuma ya utepe. Injinia Raghad, mwanamke wa Kijordani, msimamizi wetu, alikuwa ameshika redio. Ukuta ulianza kupasuka nyufa. Hapo Kasian akaruka utepe na nyundo mkononi, akaenda hadi ukutani, akaanza kugonga.

Injinia Raghad hakupiga kelele. Aliomba kwenye redio mashine isimame, lakini hakujibiwa mara moja, akanigeukia uso umemwiva. "Mwenzako huyo. Mlete, yalla, haraka," akaniambia.

Niliruka utepe nikamkimbilia. Nilimkuta amebandika sikio ukutani, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Wakijibu je, Nassir?" akaniuliza.

Nitasema kweli: wakati ule nilitamani wajibu. Ukuta ulikuwa unapumua chini ya kiganja changu, na mimi mtu wa Tanga, niliyesoma madrasa, niliamini kwamba nyuma yake kuna taifa zima limesimama na mizigo yake. Sikuwa na nguvu ya kumwambia ni mashine.

"Kama ni wao, kaka, watakukuta hata ukiwa nyuma ya utepe," nikamwambia. Akafikiri kidogo, akanifuata.

Ukuta ukaanguka. Likatokea gurudumu la chuma refu kuliko msikiti wa mtaani kwetu, linazunguka polepole, linamwaga matope na mawe, kisha likasimama. Kukawa kimya ambacho sijapata kukisikia katika mji huu. Halafu kwenye uso wa lile gurudumu kikafunguka kimlango, na kutoka ndani ya ardhi wakaanza kutoka watu.

Subhanallah. Walikuwa weupe kwa vumbi, hata usingejua nani Mpakistani, nani Mmisri, nani Mganda. Waliinama kupita, wakanyooka, wakakodolea macho anga kama watoto. Kasian alikwenda kuwapokea, na safari hii Injinia Raghad hakumzuia. Alimshika kila mmoja mkono kwa mikono yake miwili na kumtazama usoni, taratibu, kisha akamwachia na kumgeukia anayefuata. Nao wakamwachia awatazame, sijui kwa nini. Alipotoka wa mwisho, Kasian aliinama akachungulia mlangoni. Zilionekana taa tu, zimepangana hadi jicho linapokoma.

Nilimpandisha kwa lifti. Juu, kwenye kivuli cha kontena, alitoa simu akampigia mama yake.

"Mama," alisema, "mzikeni Francis."

Nikaisikia sauti ya Bi Severina, nyembamba, ikiuliza, "Umemwona?"

"Sikumwona, Mama. Wametoka wote, nimemtazama kila mmoja. Sikumwona."

Mama akauliza azike shati lipi, la bluu au lile la mistari. Kasian akajibu la bluu, ndipo akalia.