Silanga la Rukanga na Neno la Bwana D.O.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya serikali pale Voi, sikupewa kiti wala kalamu. Nilifundishwa kusimama. Karani Mkuu, mzee wa Pwani ambaye kanzu yake sijui ilivyoliepuka vumbi la Voi, alinionyesha mahali pa mkalimani: kushoto kwa mkubwa, nyuma yake kidogo, mikono imetulia.

"Na mkubwa akisema 'mimi', wewe nawe sema 'mimi'," akaniambia. "Usianze na mambo ya 'Bwana anasema'. Maneno ni yake, wewe umeazima mdomo tu, mwanangu."

Vijana mnaosoma haya mtacheka, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kuu ya kazi yetu katika miaka ya hamsini. Basi niwazeni mimi, kidevu hakijaota hata unywele mmoja, nimesimama barazani mbele ya wazee wa Kidawida, yaani Wataita wenzangu, nikiwaambia: "Mimi nimewavumilia sana, na sasa nimechoka nanyi!" Siku moja pale Maungu mjomba wangu aliinuka mstari wa mbele akauliza nimeanza kumvumilia lini, ilhali yeye ndiye aliyeninunulia kaptura ya shule. Watu walivunjika mbavu. Mkubwa alipouliza wanacheka nini, nikamtafsiria yote, pamoja na kaptura. Sheria ni sheria.

Mkubwa huyo alikuwa afisa wa tarafa, tuliyemwita Bwana D.O. Alikuwa Mwingereza kijana, mrefu, shingo imeungua kwa jua, na Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko chakula: inishativu. Barabara ikiharibika, wenyeji hawana inishativu. Ng'ombe wakikonda, ni hilo hilo. Mwishowe likanifikia mimi.

"Unatafsiri vizuri," aliniambia, "lakini sijaona inishativu kwako. Nisipoiona kabla muda wako wa majaribio haujakwisha, nitatafuta mtu mwingine."

Nilikuwa nimemchumbia Mghoi, na babake alikuwa amemkubali karani wa serikali, si kijana wa kurudi mlimani kuchunga mbuzi. Nikamwendea Karani Mkuu kumuuliza neno hilo maana yake nini. Mimi nilidhani ni bidii.

"Siyo bidii," akasema. "Mwenye bidii hufanya sana lile aliloambiwa. Mwenye inishativu hufanya linalotakiwa kabla hajaambiwa. Lakini angalia linavyotumika. Ukifanya hivyo na mkubwa akafurahi, unayo inishativu. Akikasirika, huna adabu."

Tafsiri hiyo sikuwahi kuiona katika kamusi yoyote, na bado naiona ndiyo bora.

Muda wangu ukiwa karibu kwisha, tulikwenda Rukanga, chini ya mlima wa Kasigau, kwa baraza. Bwana D.O. alikuwa na matoroli na sururu za kugawa, akitangaza kwamba zitakwenda kwa watu watakaoonyesha inishativu. Nikalitafsiri kwa Kidawida kuwa moyo wa kujituma. Watu wakaitikia kwa adabu. Baada ya hotuba tukazunguka kijiji, na nyuma ya mashamba tukakuta silanga, bwawa la kuchimbwa la kutegea maji ya mvua. Lilikuwa jipya, tena kubwa. Wanawake walikuwa wamelichimba kwa majembe na kubeba udongo kwa vikapu, na tuliwakuta bado wako kazini.

Mimi nilifurahi. Bwana D.O. akawa mwekundu.

Zama zile hata kukusanyika kulihitaji kibali, na ardhi ile ilihesabiwa kuwa ya serikali. Akaamuru shimo lifukiwe siku hiyo hiyo, na kiongozi wao apande Landrova kwenda Voi kushtakiwa. Nami ikanibidi niseme: "Mimi naamuru shimo hili lifukiwe." Wanawake wakanitazama mimi, si yeye. Moyo uliniuma sana, maana juu ya Kasigau mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

"Muulize nani aliwatuma," akasema Bwana D.O.

Kiongozi wao, mjane aliyeitwa Mama Wakesho, alifuta mikono kwenye leso yake. "Hakuna aliyetutuma," akajibu kwa Kidawida. "Tuliona mvua inakuja na hatuna pa kuyaweka maji. Tungemngoja nani?"

Nikamgeukia mkubwa wangu: "Bwana, anasema ni inishativu."

Akanikazia macho. "Hayo ni maneno yake au yako?"

"Neno ni lako, Bwana. Maana ni yake."

Nilimwona Mghoi wangu akipotea. Kisha puani mwa Bwana D.O. ukatoka mlio mdogo, ukafuatwa na mwingine, mara akaangua kicheko mpaka akashika boneti ya Landrova. "Waambie kibali kitakuja," akasema, "pamoja na matoroli." Vigelegele vilivyopigwa! Tukiwa njiani kurudi tulifika Maungu. Hapo akasema, bila kunitazama, "Usifanye hivyo tena. Lakini kazi ni yako."

Nilimwoa Mghoi. Nilihamishiwa Taveta, nikatafsiri kesi za mipaka ya mashamba hadi kijiji cha Mata, nikawafanyia kazi mahakimu wakali na wapole, mpaka nikastaafu. Siku hizi wajukuu wangu huenda semina mahotelini kufundishwa inishativu, na hurudi na vyeti. Mimi huwapongeza. Lakini wakiniuliza maana yake, huwasimulia kisa cha Mama Wakesho.

Mwaka ule ule nilipita Rukanga baada ya mvua, nikamkuta akichota maji, silanga limefurika. Akaniuliza nilimwambia nini yule mzungu hata akapoa. Nikamweleza kwamba Waingereza wana neno lao, la mtu afanyaye jambo la lazima bila kungoja kutumwa.

"Wana neno lake kabisa?"

"Wanalo, mama."

Akajitwika debe lake, akanitazama kwa huruma.

"Maskini," akasema. "Yaani kwao mtu akifanya jambo hilo wanashangaa mpaka wanalitungia jina?"