Kitufe cha Kumwita Daktari

Mimi kutulia siwezi. Bosi wangu husema lazima nimekalia siafu, na siku hiyo, katika sebule ya nyumba moja mtaani Milimani tuliyoigeuza ofisi, siafu walikuwa wamezidi. Tulikuwa tumetoa programu ya simu ya wafugaji kumwitia ng'ombe daktari. Kazi yangu ni sura yake: kitufe kikae wapi, rangi gani, maandishi makubwa kiasi gani. Humo kuna kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Unabonyeza, simu inaita kwa daktari wa zamu, basi. Nilikichora nikimfikiria mama yangu kule Rongai, mwenye vidole vigumu vya jembe na macho yasiyotaka miwani. Nilimwambia hivyo nilipomwekea kwenye simu yake.

Kilichoninyima raha ni orodha ya kijivu. Mtu akikata kabla daktari hajapokea, ombi lake linashuka chini kabisa na kuandikwa "Limeghairiwa." Madaktari hata hawalitazami. Na orodha hiyo ilikuwa inajaa kuliko ile ya maombi yaliyopokewa. Wanaita, wanakata. Wanaita, wanakata.

"Wanacheza," bosi alisema. "Weka onyo."

"Nani anacheza na daktari wa ng'ombe, jamani?"

"Wewe weka tu. Jekundu."

Nikaenda dirishani, nikarudi. Nikachora onyo, nikalifuta. Nikapika chai, sikuinywa. Halafu kule chini, kwenye kijivu, ikaingia namba ninayoijua kwa kichwa. Mama! Ng'ombe wake mmoja, ndiye huyo huyo wa maziwa ya nyumbani na ya kuuza, alikuwa karibu kuzaa.

Nikampigia. "Mama, mbona umemkatia daktari simu?"

"Nani amekata? Nimemflash," akasema, ametulia kabisa. "Ndama amekwama, ni miguu tu imetoka. Lakini simu iliita vizuri. Atapiga saa hii."

Woi! Flash! Nimekulia ndani ya hicho kitu. Kwetu mwenye shida huita mlio mmoja akakata, na mwenye salio ndiye hupiga. Mama huniita hivyo mpaka leo, na shangazi zangu wote, na mwenye duka. Na sisi tulikaa hapo na kompyuta zetu, tukamwona mtu anaomba msaada, tukamwandikia kwamba ameghairi.

Nikampigia daktari nikipayuka. Alikuwa Njoro, kwa mfugaji mwingine. "Lakini madam, kwangu inaonyesha mteja hataki tena," akasema, na hakuwa na kosa. Akawasha gari. Mimi nikarukia pikipiki, nikamgombeza dereva wake kwa kila tuta mpaka akaacha kunijibu.

Nilipofika, daktari alikuwa ananawa mikono. Ng'ombe alikuwa amesimama, anatetemeka, lakini mzima. Ndama alikuwa amelala juu ya gunia, jike, mweusi mwenye paji jeupe, bado ana unyevu, amekufa.

Mama alikuwa bado ameshika simu mkononi. "Si ulisema umeitengeneza ukinifikiria mimi?"

Aliuliza tu, bila hasira, na hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nililia pale zizini mbele ya daktari, sikuona haya.

Kesho yake sikuomba ruhusa ya mtu. Simu iliyokatwa sasa inapanda juu kabisa kwa rangi ya machungwa, na daktari anasoma: "Anasubiri umpigie." Bosi akanung'unika kuhusu salio la madaktari. Nikamwambia tulinunue sisi, ama atafute mtu mwingine wa kuchora. Akavuta kompyuta yake, akaanza kupiga hesabu ya salio.

Nikarudi Rongai. "Mama, ebu jaribu."

Akabonyeza, akakata, akatia simu mfukoni mwa aproni. Nikazunguka ua. Nikafungua lango, nikalifunga, nikalifungua tena.

Simu ikalia.

"Hapana daktari, hakuna mgonjwa," akasema. "Ni huyu msichana wangu alikuwa na wasiwasi. Asante kwa kupiga."

Akairudisha mfukoni. Akaangalia upande wa zizi, kwenye kigingi kipya alichokuwa amemtayarishia ndama.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema, akachukua ndoo, akaenda kukamua.